Koti la Kati

Mwezi uliopita kijana mmoja anayekata mkonge upande wa Muheza alisimama mlangoni pa kibanda changu cha kushonea, hapa Ngamiani barabara ya 12, akaniambia, "Mama fundi, lile koti ulilonipunguzia mabega liko ukutani mjini. Nenda ukalitazame." Nikashtuka. Nilijua limeibwa na sasa linauzwa. Akasema hapana, liko kwenye picha, na aliyelivaa ni yeye mwenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi nikafunika cherehani, nikapanda bajaji.

Ni studio ya picha, juu ghorofani katika nyumba kongwe si mbali na mnara wa saa, mitaa ile ambayo chokaa ya kuta zake inameguka tangu mimi ni mtoto. Chini wanauza vipuri vya baiskeli. Unapita kando ya matairi yaliyoning'inizwa, unapanda ngazi za mbao, unatokea kwenye chumba kirefu chenye madirisha mawili yanayotazama bandarini. Mwenye studio ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Mkinga. Ameniomba nisimtaje jina, wala la studio. Anasema miaka yote mpiga picha ndiye anayetajwa na aliyepigwa anasahaulika, naye safari hii anataka iwe kinyume. Nimemheshimu. Ukifika mnara wa saa uliza "yule wa picha za kusimama", wauza kahawa watakuonyesha.

Kuna picha 34, zote nyeusi na nyeupe, kila moja karibu ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Ni watu wa vijijini mwa mkoa wetu. Mchuma machungwa wa Muheza na ngazi yake ya miti. Mchuma chai wa Amani, kapu mgongoni. Mvuvi wa Pangani. Mwanamke wa mwani kutoka Moa. Mkulima wa kabichi wa Lushoto, mwanawe amemkalia mabegani. Hakuna anayecheka kwa kuambiwa acheke, na hakuna aliyeshikwa na kamera akiwa katikati ya kazi kama mwizi aliyefumaniwa. Wote wamesimama wima, kuanzia kofia hadi kidole cha mguu, na wote wanakutazama. Nilipoingia niliwaamkia. Sioni haya kulisema: mdomo wenyewe ulitamka "shikamooni" kabla sijajua ninachofanya.

Koti langu liko katika picha ya pili kutoka mlangoni. Vijana watatu wako njiani, njia ya udongo inayokata shamba la mkonge, na nyuma yao mistari ya mkonge inakwenda mpaka inapotea. Wanakwenda harusini. Wamevaa makoti ya mtumba, mashati meupe, tai. Mvua ilikuwa imenyesha, basi viatu wamevishika mikononi, na suruali wamezikunja mpaka chini ya goti. Miguu ina tope. Shingo zimenyooka kama za mabwana harusi. Wa kati ndiye mteja wangu. Koti lile aliniletea likiwa la mtu mpana kuliko yeye, mabega yamemwagika. Nikafumua mikono, nikaingiza bega ndani vidole viwili kila upande, nikarudishia bitana kwa mkono kwa sababu cherehani ingeikunja. Pale ukutani, kwenye bega la kulia, mshono wangu unaonekana. Hata ile sehemu niliyolazimika kuirudia kwa kuwa uzi ulikatika inaonekana. Fundi anaijua kazi yake kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe gizani. Nilisimama pale mpaka kijana wa studio akaniletea kiti.

Karibu na swichi ya taa amebandika picha nyingine, ndogo, ya zamani, na chini yake ameandika kwa kalamu: August Sander, 1914. Ni vijana watatu vilevile, yaani Wajerumani watatu, kwenye njia ya udongo, makoti meusi, kofia, kila mmoja na fimbo ya kutembelea. Wameusimamisha mwendo kidogo, wamegeuza vichwa, wanamtazama mpiga picha. Wa kushoto kailaza kofia na sigara iko mdomoni. Wanakwenda dansini. Ukiitazama hii, kisha ukaitazama ile ya Muheza, unaelewa mara moja kijana wetu ametoka wapi. Naye hafichi. Maonyesho yote ameyafanya kwa heshima ya mzee huyo Sander, mpiga picha wa Kijerumani, na anazungumza juu yake kama mtu anayemzungumzia fundi aliyemfundisha kazi.

Nilikaa kumsikiliza, na mengi yamenibaki. Sander alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha wachimba madini kiitwacho Herdorf. Baba yake alikuwa seremala wa mgodini, na yeye mwenyewe alianza kwa kazi ya mgodini kabla ya kuionja kamera. Baadaye akafungua studio katika jiji la Köln. Lakini mjini wateja walikuwa hawamtoshi, basi alipanda baiskeli akarudi kwenye vijiji vya milima ya Westerwald alikokulia, akawapiga picha wakulima na kuwauzia. Hapo ndipo aliponishika moyo. Mtu anayezunguka vijijini kwa baiskeli kutafuta riziki ya kuwafanya watu waonekane vizuri, huyo ni fundi mwenzangu. Kwa kupiga wakulima mmoja mmoja akapata wazo la kuwapiga watu wa kila namna wa nchi yake, akawapanga kwa mafungu 7, na fungu la kwanza kabisa likawa la wakulima. Mwaka 1929 akatoa kitabu cha picha 60. Mwaka 1936 serikali ya Hitler ikaviharibu vibao vya kukichapia. Mwanawe mkubwa, aliyeipinga serikali hiyo, alifia kifungoni mwaka 1944. Na vita vilipokwisha, mwaka 1946, moto ukateketeza negativu zake zipatazo 30,000 zilizokuwa zimebaki Köln. Zilizopona ni zile alizokuwa amezihamishia kijijini.

Kwa sababu hiyo kijana wetu, kila anayempiga, humwachia nakala. Anasema ziliokolewa na kijiji, basi na zake zikae vijijini. Sisi watu wa pwani tunajua unyevu na mchwa. Picha pekee ya marehemu mama yangu ililiwa na mchwa ndani ya sanduku, ikabaki pindo la kanga na mkono mmoja.

Sasa niseme lililonisumbua, kwa sababu lilinisumbua na nilimwuliza. "Mwanangu," nilisema, "Wajerumani walitutandika viboko nchi hii. Boma lao lile pale, hatua chache. Mkonge wenyewe waliuleta wao, ulianzia Kikogwe huko Pangani mwaka 1893, na babu zetu ndio waliousafishia mapori. Katika watu wote duniani, unamwamkia Mjerumani?"

Hakukasirika. Akaniuliza kama nimewahi kuziona picha za enzi ile za watu wetu. Nimeziona. Watu wamepangwa mstari kama magunia yanayosubiri kuhesabiwa, wengine wamewekwa pembeni ya mti ili ionekane mti ni mkubwa kiasi gani. Akasema, "Mama, mwaka uleule, wakati wenzake wako huku wanawapiga watu wetu hivyo, huyu yuko kwao anampiga mkulima kama anayempiga waziri. Kamera iko usawa wa kifua, haitazami chini. Anamsubiri mpaka atulie, ajipange mwenyewe anavyotaka kuonekana. Mimi nataka mtu wa Maramba apigwe hivyo. Siiamkii nchi yake, naamkia namna alivyosimama mbele ya mkulima."

Nikaona ana hoja. Tena akanieleza jambo la kiufundi ambalo sikulijua. Kamera ya Sander ilitumia vibao vya kioo mahali pa filamu, na vioo vile vilihitaji mwanga na muda, hivyo mtu alilazimika kutulia kabisa, la sivyo angetoka ukungu. Utulivu ule wa wakulima wake kwa sehemu ni wa lazima. Kijana wetu ana kamera ya kidijitali inayoweza kupiga mara kumi kabla hujapepesa jicho, naye amejikataza. Anaiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, hatumii taa, anazungumza na mtu robo saa, kisha anapiga mara 5 tu. Nilimshuhudia, na kweli hazizidi.

Lakini kuna mahali amemwacha mzee wake nyuma, na kwangu hapo ndipo kazi hii inapokuwa kubwa. Sander hakuandika majina. Chini ya picha zake utakuta "mkulima", "mke wa mkulima", "mwashi". Wale vijana watatu aliwaita wakulima vijana, basi. Miaka mingi baadaye watafiti waliwatafuta wakawapata: walikuwa na majina yao, kazi yao ilikuwa mgodini wala si shambani, na mmoja wao aliuawa katika vita iliyoanza mwaka uleule waliopigwa picha. Dunia nzima iliwatazama vijana wale kama wakulima na hawakuwa wakulima. Huku Tanga, chini ya kila picha kuna jina kamili la mtu, la baba yake na la babu yake, kijiji, na kazi kama mwenyewe alivyoitaja. Mteja wangu ameandikwa "fundi redio, kwa sasa anakata mkonge". Sikujua kama anatengeneza redio. Miaka mitatu ananiletea nguo na sikuwahi kumwuliza. Majina yenyewe siyaandiki hapa kwa sababu sikuwaomba ruhusa. Yasomeni palepale, kando ya nyuso zake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja kichwani. Baba.

Baba yangu ana miaka 87. Alikuja Tanga mwaka 1957 kutoka Kasulu, kijana wa miaka 19, manamba. Kwa watoto wa siku hizi: manamba ni vibarua waliochukuliwa mbali, Kigoma, Songea na kwingineko, wakaletwa kwa treni na malori kwenye mashamba ya mkonge, na jina hilo walilipata kwa kuwa kila mtu alipewa namba. Unapewa kipande, kadi yenye vyumba 30. Kila siku uliyomaliza kazi wanakutilia alama chumba kimoja, na hulipwi mpaka vyumba vyote 30 vijae. Ukiugua, kipande kinakusubiri. Baba anaikumbuka namba yake mpaka leo, anaitaja kwa kasi kama mtu anayeitikia mwito. Alikata mkonge miaka 31. Alikuwepo mwaka 1964 nchi hii ilipotoa zaidi ya tani 230,000, na alikuwepo mashamba yalipotaifishwa 1967, na alikuwepo korona iliponyamaza, ile mashine ya kuchambulia majani, na watu wakaanza kulima mahindi katikati ya mkonge uliochanua. Mikono yake ina makovu madogomadogo meupe ya miiba. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyempiga picha. Ya kitambulisho tu, ile ya kukutoa kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Nikampigia simu kijana wa studio, nikamwambia mzee hawezi kupanda ngazi zile. (Hili nalihesabu kama kasoro. Ngazi hazina pa kushikilia, na huduma inayowapenda wazee ingepaswa kuwa na kishikio hata cha kamba.) Akasema hakuna tabu, yeye hufuata watu makwao. Studio ni shilingi 20,000 pamoja na picha moja kubwa. Kufuatwa nyumbani ni 45,000, ukiwa nje ya mji unaongeza nauli. Nyumbani kwetu ni Pongwe. Alikuja kwa baiskeli, kamera begani, stendi imefungwa kwenye keria kwa mpira, hivyo nauli hakudai.

Nilikuwa nimempangia baba kila kitu. Nimempigia pasi koti la kijivu nililomshonea Idi, nimeazima kwa jirani kisu cha kukatia mkonge. Baba akakipokea kisu, akakigeuza, akajaribu makali yake kwa kidole gumba. Kisha akakirudisha kwangu. "Hiki nilikirudisha stoo," akasema. "Sina haja nacho."

Mpiga picha alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake: mkata mkonge mstaafu. Akamsomea kwa heshima, "Babu, niandike hivi?" Baba akakaa kimya muda mrefu. Nilitaka kumsemea, yule kijana akanionyesha kiganja, nisubiri. Baba akasema, "Mkonge niliukata. Walinileta kuja kuukata. Andika mimi ni mfuga nyuki."

Ni kweli ana nyuki. Nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, ana mizinga mitatu ya magogo, aliyoichonga mwenyewe baada ya kutoka shambani. Kwao Kasulu ufugaji wa nyuki aliachiwa na baba yake, na alipopanda treni akiwa kijana alikuwa tayari anajua kuchonga mzinga na kurina usiku kwa moshi. Miaka 31 hakuwa na mti wa kutundika hata mmoja. Mimi binti yake nilikuwa nikiwaona nyuki wale kama kitulizo cha mzee asiye na kazi. Nikaona haya, nikaenda kukirudisha kisu kwa jirani.

Akataka apigwe palepale chini ya mkorosho. Kijana akaweka kamera mbali kidogo kuliko kawaida yake, akazungumza naye ile robo saa, na baba alipopata wa kumsikiliza akaanza simulizi lake analolipenda: Novemba 1914, Waingereza waliposhusha hapa Tanga askari wao kutoka India, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likawarudisha baharini, na nyuki waliovurugwa na risasi wakatoka mizingani wakamvamia kila mtu bila kuuliza ni wa upande gani. Baba hakuwepo, hakuwa hata amezaliwa, lakini anawasimulia nyuki wale kama jamaa zake. Jua lilikuwa limeshuka, mwanga unapenya kwenye majani ya mkorosho. Akamaliza kusimulia, akanyamaza, akaweka mikono pembeni. Nikasikia kamera mara 5. Nyuki mmoja alitua kwenye kola na baba hakutikisika.

Picha tuliahidiwa baada ya wiki moja, ikaja baada ya wiki tatu na siku nne. Hili lazima niliseme, maana mtu mwenye umri wa baba hapaswi kusubirishwa. Zinasafishwa Dar es Salaam na anangoja zijae za kutosha ndipo azitume. Sawa, gharama naielewa, lakini basi usimwambie mzee "Jumamosi ijayo". Baba alivaa shati safi Jumamosi tatu mfululizo.

Ilipofika, nilisahau hasira. Karatasi ni nzito, haing'ai ovyo, na weusi wake una ngazi nyingi: weusi wa gome la mkorosho, wa kivuli, wa ngozi ya baba, kila mmoja ni wake. Makovu ya mikono yanaonekana. Mzinga mmoja uko juu ya bega lake la kushoto, kama mtu aliyekuja kusimama nyuma yake. Yule nyuki yuko kwenye kola, ukimtafuta. Na chini, kwa herufi, jina la baba, la baba yake, la babu yake, Kasulu, Pongwe: mfuga nyuki, alikata mkonge miaka 31.

Baba aliiweka mapajani. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Jambo la kwanza alilosema ni, "Mama, mkono wa kushoto umezidi." Nikatazama. Kweli, koti lile nililolishona mimi, mkono wa kushoto umeshuka zaidi ya wa kulia kwa nusu kidole. Alikuwa amelivaa sikukuu mbili na hakuwahi kusema.

Nakala ya pili ametaka ipelekwe Kasulu, kwa wapwa zake.

Nirudi kwenye maonyesho, kwa kuwa si kila kitu kimenyooka. Ipo picha ya mpika chapati wa Korogwe aliyesimamishwa na bakuli kubwa na mwiko, tumbo mbele, uso kwa kamera. Kijana mwenyewe alinionyesha kwenye simu picha ya Sander ya mwaka 1928 ya mpishi wa keki mwenye bakuli, na hii yake ni ile ile kwa kila kitu, mpaka pembe ya mwiko. Hapo hakumsikiliza mpika chapati, alikuwa anamsikiliza Sander. Yule mama wa watu anaonekana amevishwa mwili wa mtu mwingine. Mimi ninayeletewa kila siku magazeti ya mitindo niambiwe "nishonee hivihivi" najua tofauti ya kuiga mshono na kumfaa mvaaji. Picha hiyo ningeishusha.

Wanawake nao ni wachache mno, 9 kati ya 34, wakati nani anayelima mkoa huu? Nenda shamba lolote la mihogo saa moja asubuhi ukahesabu kanga. Nilipomwambia akakiri kwamba wanaume wanakubali upesi kusimama, na wanawake wengi wanataka kwanza waende kubadilisha nguo, naye mwanga unampita. Basi asubiri mwanga wa kesho. Mwanamke wa mwani wa Moa amepigwa ndani ya maji na kanga yake ya kazini iliyofifia, na ukimtazama vizuri unaona amebana pindo kwa mkono kuficha palipochanika. Angeombwa. Pengine angesema nipige hivihivi, na lile pindo angeliachia. Ila uso wake ni uso mzuri kuliko zote mle ndani, na nikirudi nitaanzia kwake.

Maandishi ya majina ni madogo na yamewekwa chini sana. Ukishayapa majina uzito kiasi hicho, yaweke mahali ambapo mtu wa miaka sitini anayaona bila kuinama.

Kiingilio hakuna. Wapo Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ijumaa wanafunga saa sita kwa ajili ya swala na kurudi saa nane. Kwa picha ya studio nenda asubuhi, kwa sababu mchana jua linaingia kwa dirisha la pili na wazee wanakunja macho. Ukitaka kufuatwa nyumbani, omba angalau wiki mbili kabla, na siku ya kupewa picha yako andikisheni tarehe kwenye karatasi. Nguo usiazime. Picha za ukutani zitakaa mpaka mwisho wa mwezi ujao, kisha kila moja inarudi kwa mwenyewe kijijini. Ile ya vijana watatu itakwenda Muheza kwa mama wa yule wa kati, naye ameshamtuma mwanawe kuja kuniuliza kama ninaweza kumshonea kitambaa cha kuifunika isiingie vumbi. Nimekata marekani, nimetia pindo. Kinamsubiri hapa kibandani.